Kozi ya SCORM inarudi mwanzo mwanafunzi akitoka, na Jumatatu inahamia chuo kingine

Chaki Moja: Wakuu, heshima zenu. Nina kozi ya trigonometria kwenye Moodle, jukwaa la masomo mtandaoni. Ni pakiti ya SCORM 1.2, ule mfumo wa kufunga kozi kwenye zip ili majukwaa mbalimbali yaisome na kurekodi maendeleo ya mwanafunzi. Mwanafunzi akifika slaidi ya 60 akatoka, akirudi anakuta ya kwanza. Kwenye ripoti anasomeka amemaliza na papo hapo amefeli. Jumatatu naihamishia chuo cha pili. Nifanyeje nisiaibike?

Fundi Zipu: Ugonjwa wa 1.2 huo. Mahali alipoishia mtu hutunzwa kwenye cmi.suspend_data, na ukomo wake ni herufi 4,096. Kozi ndefu yenye maswali mengi inaijaza, kinachozidi kinaweza kukatwa au kukataliwa, ikishindwa kujisoma inaanza upya. Igawe: mada moja, pakiti moja. Na ukifunga zip usiifunge folda yenyewe. Ingia ndani, chagua faili zote, ndipo ufunge. imsmanifest.xml, faili linaloorodhesha vilivyomo, likizama folda moja chini, Moodle inaikataa pakiti.

Bi Kizimbani: Mimi ningeachana na SCORM kabisa. H5P, zana ya kutengeneza masomo na maswali shirikishi, ina shughuli yake ndani ya Moodle tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020. Faili unalishusha, unasahihisha swali moja, unalipandisha kokote. SCORM ni chapati iliyokwisha iva, huirudishi kuwa unga.

Chaki Moja: Ahsante dada, ila muda wa kuanza upya sina.

Mzee wa Leseni: Kabla ya zip, vilivyomo ni vyako?

Chaki Moja: Ni vya wazi mkuu, vipo bure mtandaoni.

Mzee wa Leseni: Bure si leseni. Taja herufi zake.

Chaki Moja: Sawa. Ni leseni za Creative Commons. Vidio 9 ni BY-NC-SA 4.0 (taja mwenyewe, si kwa biashara, toa kwa leseni ile ile), nimeziwekea sauti ya Kiswahili. Michoro 14 ni BY-ND 4.0 (taja mwenyewe, usibadilishe), nimetafsiri lebo tu. Chuo kinalipa, na nusu nimeshapokea. Lakini wanalipia kazi yangu ya kupanga, si vidio.

Mzee wa Leseni: Pakiti unayouza ina vidio ndani, na NC inakataza biashara. ND inakuruhusu kusambaza mchoro ulivyo. Ukigusa lebo, huruhusiwi kuusambaza. Chora upya hiyo 14 kwa Inkscape, programu ya kuchorea, hifadhi kama faili la SVG. Pembetatu haina mwenyewe. Vidio zitoe, weka kiungo cha ukurasa wao, au waombe ruhusa ya biashara kwa maandishi. Kwa leseni za 4.0, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa, haki zako zinarudi zenyewe. Umegundua leo.

Mla Popo: Nusu imeliwa, nusu inadaiwa. Ndiyo trigonometria hiyo, pembe kali kila upande 😂

Kipimajoto: Hii chai. 1.2 ina kisanduku kimoja tu cha hali, cmi.core.lesson_status. Kinaandika completed au failed, havikai pamoja. Yeye kaviona viwili wapi? Asainmenti ya mtu hii, mnamfanyia.

Fundi Zipu: Umeniamsha. Kumaliza na kufaulu hutenganishwa hivyo kwenye SCORM 2004. Chaki, fungua imsmanifest.xml kwa Notepad, usome schemaversion, mstari unaotaja toleo.

Chaki Moja: Imeandikwa "2004 3rd Edition". Si chai wakuu. Aliyenifungia pakiti alisema 1.2, nikamwamini.

Fundi Zipu: Basi ile 4,096 yangu ifute, toleo hilo linabeba 64,000. Tafuta cmi.exit, inayoieleza Moodle mtu katokaje, kwenye faili za .js. Isipowekwa "suspend" mtu anapotoka, jaribio linahesabiwa limekwisha, na linalofuata linaanza tupu. Tena Moodle haijaikamilisha 2004. Mrudishie aliyekufungia aifunge kwa 1.2, mada moja moja, maana huko 4,096 inarudi. Kisha ijaribu kwa akaunti ya mwanafunzi, si ya mwalimu: fika slaidi ya 60, toka, rudi.

Chaki Moja: Poa. Na vidio, zikienda Jumatatu hivyo hivyo halafu nizitoe baadaye?

Mzee wa Leseni: Siku zako zimebaki 29.