Binti yangu anajumlisha panapotakiwa kuzidisha: naomba ushauri kuhusu uwiano na skeli

Mama wa Kidato cha Kwanza (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Binti yangu alimaliza darasa la saba mwaka jana na sasa yuko kidato cha kwanza. Magazijuto (ule mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa) anaifanya bila kusita, lakini likitajwa neno uwiano anapotea. Juzi alipewa picha yenye upana wa sm 4 na kimo cha sm 6, akaambiwa ikuzwe mpaka upana ufike sm 8, kisha atafute kimo kipya. Alijibu sm 10, na nilipomuuliza sababu alisema kwa uhakika kabisa kwamba upana umeongezeka sm 4, kwa hiyo kimo nacho lazima kiongezeke sm 4. Kwenye ramani ya skeli 1:50,000, umbali wa sm 7 aliuandika kuwa km 350,000. Nimemkaririsha kanuni ya kuzidisha namba kwa kupishana. Leo anaipatia, kesho ameisahau. Mimi mwenyewe niliisoma kwa kukariri, na nimegundua kuwa siwezi kumweleza kwa nini inafanya kazi. Nianzie wapi?

Mdau wa Mitihani

Mpe maswali ya mitihani iliyopita, kumi kila jioni. Mkono ukizoea, kanuni itakaa kichwani.

Mwalimu Mstaafu

Kwa heshima ya mchangiaji aliyetangulia, mazoezi yanahitajika, lakini hayatangulii. Mtoto anayefanya maswali kumi kwa fikra isiyo sahihi anaikomaza fikra hiyo mara kumi.

Mwanangu, usilichukulie jibu la sm 10 kuwa ni uzembe. Binti amefikiri, ila amelinganisha kwa tofauti badala ya kulinganisha kwa mara. Lugha yetu inayatenganisha vizuri maswali haya mawili: "imezidi kwa kiasi gani?" na "ni mara ngapi?" La kwanza linajibiwa kwa kutoa, la pili kwa kugawanya, na uwiano wote umejengwa juu ya hilo la pili. Kabla hajagusa kalamu, mwambie ataje kwa sauti ni swali lipi analojibu. Upana wa sm 8 ni mara mbili ya sm 4, basi kimo nacho kiwe mara mbili, yaani sm 12. Ninyi wenyewe epukeni kusema "mara mbili zaidi", kwa sababu maneno hayo yanayachanganya maswali yote mawili katika sentensi moja.

Kisha kateni karatasi tatu za mstatili: ya sm 4 kwa 6, ya 8 kwa 10 na ya 8 kwa 12. Iwekeni ile ndogo juu ya kila kubwa, kona moja ikikaa sawasawa juu ya kona ya chini, na laza rula kutoka kona hiyo kupitia kona ya mkabala ya karatasi ndogo. Kwenye ile ya 8 kwa 12 rula itafika kwenye kona ya karatasi kubwa. Kwenye ile ya 8 kwa 10 itaikosa. Mtoto akiliona hilo kwa macho, hutalazimika kubishana naye.

Jambo jingine ambalo walimu wengi tunalipita haraka ni kumwonyesha mahali ambapo uwiano haupo. Ikiwa kanga 3 zilizoanikwa zinakauka kwa saa 2, kanga 6 zilizoanikwa pamoja chini ya jua lilelile hazichukui saa 4. Na vibarua 6 wakilima shamba kwa siku 12, vibarua 12 wenye kasi ileile hawachukui siku 24 bali 6. Mwanafunzi asiyejiuliza kwanza kama uwiano upo, na ni wa namna gani, ataitumia kanuni kila mahali.

Fundi Zege

Kosa hilo tunalikuta kazini. Zege la 1:2:4 ni simenti ndoo 1, mchanga ndoo 2 na kokoto ndoo 4. Kijana akiambiwa aongeze zege, anaongeza ndoo moja moja ya kila kitu akidhani ametenda haki, na anapata 2:3:5. Mwanzo simenti ilikuwa ndoo 1 katika kila ndoo 7. Sasa ni 1 katika kila 5. Hilo ni zege jingine. Alitakiwa kuweka 2, 4 na 8. Mwache binti achanganye hata maji na sharubati kwa vikombe, aonje mwenyewe.

Mpima Ardhi

Nami niongeze kuhusu ramani. Skeli ya 1:50,000 haina kipimo ndani yake. Inasema tu kwamba urefu wa ardhini ni mara 50,000 ya ule wa kwenye karatasi. Ukianza na sentimita unaishia na sentimita: sm 7 ni sm 350,000, ambazo ni m 3,500, yaani km 3.5. Mfundishe kulipima jibu lake kwa akili ya kawaida, maana km 350,000 inakaribia umbali wa kutoka duniani hadi mwezini, ambao kwa wastani ni km 384,000.

Uwanja wa mpira wa m 105 kwa 68 unakuwa sm 21 kwa 13.6 kwenye skeli ya 1:500, na sm 10.5 kwa 6.8 kwenye 1:1,000. Kwenye 1:50,000 urefu wake ni mm 2.1 tu, unakaribia punje ya ulezi. Ndiyo maana 1:500 huitwa skeli kubwa, ingawa namba yake ni ndogo. Kuhusu maeneo awe mwangalifu zaidi: mstatili wa sm 2 kwa 3 kwenye ramani ya 1:50,000 ni km 1 kwa 1.5 ardhini, yaani kilomita za mraba 1.5. Geuza pande kwanza, kisha zidisha.

Mama wa Kidato cha Kwanza

Mwalimu, shikamoo, na wengine wote asanteni sana. Karatasi tatu zilimnyamazisha kwa muda mrefu, halafu akasema godoro la futi tano kwa sita si lile la nne kwa sita lililokuzwa, kwa kuwa limeongezwa upana peke yake. Jumamosi tulipima chumba chake, m 3 kwa 4, akakichora kwa skeli ya 1:20 na kupata sm 15 kwa 20. Alitarajia eneo la sakafu liwe mara 20 ya eneo la mchoro. Aligawanya sentimita za mraba 120,000 kwa 300, akapata 400, akarudia akidhani amekosea, kisha akaandika pembeni: 20 × 20. Sasa anauliza kama ndoo ikikuzwa mara mbili kila upande itajaa maji mara nne.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Usimjibu. Mpe boksi dogo la karatasi la sm 5 kila upande na jingine la sm 10, na mchele wa kupimia. Mwache ahesabu mwenyewe hadi afike 8.