Ndoo ya mafunjo inatoa volti 0.08 tu, nakosea wapi?

Fundi_Igombe: Habari wakuu. Nimepanda mafunjo kwenye ndoo ya lita 20 yenye tope la ziwani. Chini nimefukia fimbo 4 za kaboni za betri za tochi, nyingine 4 nimezizamisha kwenye maji ya juu, zote kwa waya wa shaba. Wiki imeisha, mita inasoma 0.08. Lengo ni kuchaji simu.

UmemeNyamagana: Mkuu, umeme hautoki kwenye jani. Mizizi inavujisha sukari na asidi, bakteria wasiotaka hewa wanazila na kuachia elektroni (chembe za umeme) kwenye kaboni ya chini, nazo hupita kwenye waya hadi kaboni ya juu na kupokewa na hewa. Kwa hiyo chini hewa isifike kabisa, juu iwe tele. Fimbo za juu zilaze usawa wa maji, nusu zilowe, nusu ziwe hewani. Za chini ziwe sm 10 hadi 15 ndani ya tope, jirani na mizizi. Maji yasimame sm 2 juu ya tope siku zote. Tope likipasuka tu, volti inaanguka.

Shaba itoe leo. Inaliwa topeni, na ikiliwa inakupa volti za uongo. Weka waya wa chuma kisichoshika kutu, ungio ulizibe kwa silikoni.

Mpunga_Magu: Fimbo uliziandaa? Zina nta. Zichome nje kwenye moto wa mkaa mpaka moshi ukome, usugue ule unga mweusi wote, kisha uzichemshe. Unga ukibaki, unapima betri kuukuu, si tope.

Fundi_Igombe: Asanteni. Ndoo 6 mfululizo je? Na magugu maji, yamejaa huku?

UmemeNyamagana: Magugu maji yanaelea, mizizi kwa kawaida haishiki tope. Baki na mafunjo au mpunga. Ndoo 6 mfululizo sawa, ila zisigusane maji. Seli (jozi za fimbo za chini na juu) zikiwa kwenye tope moja, volti hazijumliki.

Funga rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 1,000 kila ndoo, kati ya waya wa chini na wa juu, usiitoe wiki 3 hadi 4, bakteria wajenge makazi kwenye kaboni. Ukipata volti 0.4 hapo, ni miliwati 0.16. Betri ya simu ya wati-saa 15 ingedai ndoo moja zaidi ya miaka 10, ndoo 6 karibu miaka 2. Simu iache kwenye sola. Ndoo 6 zitakupa kama volti 2.4: taa nyekundu ya LED itawaka hafifu, usiku na mchana. Kabla ya kuziunga, pima kila ndoo ikiwa bado na rezista yake, ndipo uzitoe rezista zote, maana ndoo iliyo dhaifu hugeuzwa hasi na wenzake na kula volti zao.

Fundi_Igombe: Shaba naing'oa jioni hii.