Njumu ya mpingo kwenye mninga: ncha za nyota zinaacha mwanya

Binti_Seremala (Tanga)

Habari za majukumu wakuu. Nipo Ngamiani, nina ruta ndogo ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) na leza ya daiodi ya wati 10. Nimepata oda ya kasha la bibi harusi, la mninga. Mteja anataka kifuniko kitiwe njumu ya mpingo, yaani vipande vya mpingo vizamishwe kwenye mninga: nyota ya pembe nane katikati na mnyororo kuzunguka ukingoni, kama ule wa fremu za milango ya zamani.

Nimejaribu kwanza kwenye kipande. Shimo nimechimba kwa biti bapa ya mm 3, nyota nimekata kwa leza. Nyota haizami. Nikiipunguza izame, kwenye ncha panabaki mwanya wa kuingia kucha. Halafu leza imeacha masizi pembeni mwa mpingo, gundi haishiki. Mchoro ni uleule na vipimo ni vilevile, sasa shida iko wapi?

Ule ujanja wa kuziba mwanya kwa vumbi la mbao na supaglu naujua, siutaki. Kasha la namna hii mtu anakaa nalo chumbani mpaka anaozesha wajukuu.

Chumbageni_CNC

Dada, umeuhesabu upana wa mwale? Leza nayo inakula mbao, kama mm 0.1 hadi 0.2. Tanua mchoro wa nyota nusu ya hapo kila upande, mwanya utapungua.

Mzee_wa_Milango (Bagamoyo)

Mwanangu, kijana kasema kweli kuhusu mwale, ila silo linalokuzuia. Biti ya mm 3 ni ya mviringo, kila kona ya ndani inaacha mviringo wa nusu kipenyo cha mm 1.5. Nyota yako ina ncha kali, itaingiaje? Sisi wa patasi tunazimalizia ncha kwa mkono. Hata wewe unaweza, lakini huo mnyororo una kona ngapi?

Kwa kazi hii leza iweke pembeni. Inafaa venia (ubao mwembamba kama karatasi) na mbao nyepesi. Mpingo ukiutupa majini unazama, wati 10 zitauunguza tu. Chukua biti ya V (yenye ncha kama herufi V) ya digrii 60, ukate nayo kingo za shimo na za nyota, vyote viwili. Nyota usiikate itoke: iache imesimama juu ya kipande cha mpingo, kipindue uikandamize shimoni, mgongo utaukata kwa msumeno gundi ikikauka. Katikati ya shimo safisha kwa biti bapa, usipoteze muda. Biti ya V ikifika konani inapanda taratibu, kona inachorwa na ncha yake, ndiyo maana inatoka kali. Na kwa kuwa kuta zimeinama, nyota inakaa kama kizibo: ukikaza inazidi kujibana.

Vipimo vyangu: shimo lianzie 0 liende mm 5. Nyota ianzie mm 4, ikate mm 1.5 zaidi. Hapo itazama mm 4, chini inabaki mm 1 ya gundi, na juu kati ya mbao mbili mm 1.5 ya kupitisha msumeno. Mchoro wa kipande cha mpingo ugeuze kama kwenye kioo. Nyota haijali, lakini mnyororo usipogeuzwa hauingii.

Mpingo una mafuta, ufute kwa spiriti kabla ya gundi. Nyuzi zake zifuate nyuzi za mninga. Kaza jiliwa, uache mpaka kesho.

Binti_Seremala

Shikamoo mzee. Nimekata kipande kingine kwa hesabu zako, nyota imekaa, hata karatasi haipenyi! Ila nimepiga msasa, mninga wote kuzunguka nyota umeingia weusi. Nimepuliza kwa kompresa, hautoki.

Mzee_wa_Milango (Bagamoyo)

Marahaba mwanangu. Hilo ni vumbi la mpingo, limeingia kwenye vinyweleo vya mninga. Kwenye kifuniko chenyewe anza na randa iliyonolewa vizuri, ikibaki kidogo kwangua kwa bapa la chuma. Halafu paka sila (rangi angavu ya kuziba mbao) mkono mmoja, ikauke izibe vinyweleo, ndipo upitishe msasa laini. Na uvae barakoa. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, usilizoee.

Pangani_Road

Samahani kudandia uzi. Mpingo wa kazi ndogo kama hii mnapata wapi bila kununua gogo?

Mzee_wa_Milango (Bagamoyo)

Kwa wachonga vinyago, Mwenge pale Dar. Wana mabaki mengi. Chagua moyo mweusi mtupu, ule ukingo mweupe uache. Ukitaka gogo ni lazima uwe na kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) cha kusafirisha, usije ukashushwa njiani.

Chumbageni_CNC

Mzee leza umeionea. Dada, upande wa ndani wa kifuniko andika kwa leza jina la bibi harusi na tarehe ya ndoa. Bandika utepe wa karatasi kwanza, moshi usichafue mninga.

Mzee_wa_Milango (Bagamoyo)

Hapo sawa. Jina aandike mteja mwenyewe kwenye karatasi, asikutajie kwa simu.