Kisumu Rural kugawanywa: tulipata ama tulipoteza?

JaNyahera: Naanzisha hii stori sababu juzi nilikuwa matangani Kisian na wazee wakaanza ile kelele yao, ati tangu Kisumu Rural ife hatuna sauti Nairobi. Kwa vijana wasiojua, enzi za mikoa tulikuwa eneo bunge moja la Nyanza, kutoka Maseno na Nyahera huku juu mpaka Kombewa na ufuoni huko Seme. Uchaguzi wa 2013 ukatukuta tumeshapasuliwa, upande mmoja Kisumu West, mwingine Seme. Mimi nasema tulipoteza. Rural ilikuwa inatoa mawaziri bana. Robert Ouko mambo ya nje, na alikufa akiwa mbunge wetu. Ndolo Ayah mambo ya nje pia. Nyong'o mipango, halafu afya. Leo tunatoa nini, watu wa kusindikiza wenzao?

NyarSeme: Hao mawaziri walikula wao na familia zao, wewe ulipewa nini? Tuongee pesa. CDF, ile pesa ya maendeleo ya eneo bunge, imekuja 2003 na inagawanywa kwa eneo bunge, si kwa ukubwa wa kelele. Kabla ya kugawanywa tulikuwa na sufuria moja, saa hii ni mbili. Mtoto wa dada yangu fomu ya basari alijazia Kombewa asubuhi, saa sita yuko nyumbani anachambua omena. Zamani angezungushwa wiki nzima. Na nyinyi watu wa huko juu msituletee machozi, hata Maseno yenyewe hamjui kama ni yenu ama ni ya Wanyore, Waluhya wa Vihiga hapo jirani.

Mzee wa Holo: JaNyahera kijana wangu, ukianza historia anza vizuri. Ouko alikuwa mbunge wetu, alichaguliwa 1979 na 1983. 1988 alihama akaenda kusimama Kisumu Mjini, na alipouawa Februari 1990, mwili ukapatikana Got Alila, alikuwa mbunge wa mjini. Rural wakati huo ilikuwa ya Ayah, na ndiye alirithi ile wizara. Sasa usizike mtu kwa boma la jirani.

JaNyahera: Asante jaduong', nimekubali. Lakini kwao ni Nyahera, hiyo hamtanyang'anya.

Munyore Asili: Mulembe. Nimeona jina la Maseno likitajwa. Hakuna mtu "hajui". Maseno ni ya Abanyore. Wamishonari walikuja 1906 wakapata watu wanaishi hapo, mkoloni na kalamu yake ndiye alichora mstari vibaya. Endeleeni.

Kisian Boy: Hahaha ati endeleeni. Omera, Maseno imepiga kura na Kisumu miaka yote hiyo, Jaramogi Odinga amesoma hapo akafundisha hapo, leo unatokea Luanda ya Vihiga na salamu yako ya mulembe mkononi.

Munyore Asili: Kusoma mahali si kumiliki. Babake Obama pia alisoma Maseno, basi tuwape Wamarekani?

Mzee wa Holo: Mipaka ya majimbo ilichorwa na tume 1962, na sisi tumeihesabu Maseno Nyanza. Na leo iko wadi ya North West Kisumu, inachagua MCA, yaani mwakilishi wa wadi, na mbunge wa Kisumu West. Kura ndiyo hati.

Munyore Asili: Tume ya nani mzee? Ya Muingereza. Mnamtukana Muingereza mchana, usiku mnalala na ramani yake.

KijanaTinga: Mimi narudi kwa mawaziri, sababu JaNyahera anatudanganya kama tulikuwa tunachagua watu. Hatujawahi kuchagua mtu, tunachagua chama. Nyong'o 1992 alipita na Ford Kenya ya Jaramogi, si ndiyo? 1997 akaenda chama cha SDP na mama Charity Ngilu, mkamwangusha kama embe bichi, profesa mzima, kisa hakuwa ndani ya trekta, ile alama ya NDP ya Raila. Si aliangushwa na KANU hata?

NyarSeme: KANU wapi! Ochoro Ayoki wa NDP. Trekta ilibeba kila mtu huku kwetu mwaka huo, ungesimamisha hata mlango ungepita. Nyong'o ikabidi aingie bunge kwa kuteuliwa na SDP. 2002 akarudi na NARC, 2007 na chungwa la ODM, watu walewale wakampigia makofi. Sasa niambie huyo waziri alitoka kwa "sauti ya Rural" ama kwa suti, ile ya kupigia chama chote bila kuangalia mtu?

Mzee wa Holo: Msiseme hatujawahi. 1966 Tom Okelo-Odongo alikuwa waziri msaidizi wa fedha, akaacha hicho kiti akamfuata Jaramogi kwa chama chake cha upinzani, KPU. Serikali ikabadilisha katiba haraka haraka wote waliohama warudi kwa wananchi, na Kisumu Rural ikamrudisha bungeni bila kutetemeka. Mwisho wake 1969 KPU ikapigwa marufuku na wakubwa wake wakafungiwa. Hapo hakukuwa na suti. Hapo ukichagua vibaya unaweza kulala ndani.

KijanaTinga: Jaduong' kwa heshima, hiyo nayo ni suti, tofauti ni fundi. Jaramogi alikata, mkavaa.

Mzee wa Holo: Wewe umezaliwa lini?

KijanaTinga: 1994, kwani umri unapiga kura?

Mzee wa Holo: Basi nyamaza kidogo. Hujasimama mlolongo. 1988 mchujo wa KANU tulipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea uwanja wa shule, jua liko kichwani, na ukipata asilimia sabini unapita bila uchaguzi mwingine. Mimi nilikuwa foleni ya diwani mmoja, sitaji jina. Foleni yetu ilizunguka goli mbili ikatokea kwa choo. Ile nyingine ningehesabu kwa vidole na vya miguu. Karani akaangalia, akaandika, akatangaza wale wa vidole ndio wameshinda. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni akauliza kwa sauti, "Huyu anahesabu ama anaomba?" Tukacheka lakini tulienda nyumbani tumefunga midomo, sababu kwa mlolongo kila mtu ameona umesimama wapi, hata chifu.

JaNyahera: Pole mzee. Lakini mnaona tumetoka kwa mada?

Kisian Boy: Mada ni Maseno.

JaNyahera: Mada SI Maseno!! Nimeuliza nguvu ya kisiasa. Mkiwa wengi pamoja, mbunge wenu akiongea anasikika.

NyarSeme: Maeneo bunge yalitoka 210 yakaenda 290, wengi waligawanywa, si wewe peke yako uliyeonewa. Na Seme tangu tupate kiti chetu tumemrudisha Nyikal 2013, 2017 na 2022. Daktari, amekuwa katibu wa wizara. Nyinyi wa Kisumu West mmebadilisha Olago Aluoch mkaweka Rosa Buyu 2022, mama wa kwanza kwa hicho kiti. Kwa Rural moja ya wanaume wa mawaziri angepita wapi?

JaNyahera: Dada sasa unaniita adui wa wanawake?

NyarSeme: Sijakuita kitu. Umejiita.

Munyore Asili: Na huyo mama amewahi kusema Maseno ni ya nani?

Kisian Boy: Wewe bado uko? Njoo Jumamosi pale kwa kibao cha ikweta nikuonyeshe mpaka na miguu.

Munyore Asili: Nitakuja, ni kilomita chache tu kutoka kwetu, nyinyi ndio mnapanda matatu kufika.

Mzee wa Holo: Huyu kijana ni wa Luanda upande gani? Mimi nimeoa Luanda, 1981.

Munyore Asili: Karibu na soko, upande wa reli. Kumbe mzee ni shemeji?

Mzee wa Holo: Shemeji kabisa.

Munyore Asili: Na ng'ombe za mahari zilikamilika?

Mzee wa Holo: Kijana, hapa tunaongea mipaka, usilete mambo ya ng'ombe.

NyarSeme: Hahahaha jibu mzee! 1981 mpaka leo?

Kisian Boy: Jaduong' lipa deni, watu wasije wakashika Maseno kama rehani.