Gumzo la ukoo: mada ya Jumapili

ALHAMISI

Rehema 18:04
Wana ukoo, habari za jioni. Mada ya Jumapili ni hii: je, ukatili wa binadamu unapungua kadiri karne zinavyokwenda? Nataka mmoja wa kufungua upande wa ndiyo na mmoja upande wa hapana. Na tukubaliane saa. Jibuni leo leo.

Rehema 18:52
Tiki za buluu naziona. Mmesoma, mmenyamaza.

Idi 18:55
Unapungua. Mama hajanirushia kandambili tangu nioe.

Shangazi Mwanaidi 18:56
Umehamia mbali tu. Kandambili bado ninazo.

Neema 18:56
😂😂😂

Rehema 19:10
Idi, tutacheka Jumapili. Naanza mimi, upande wa ndiyo. Uingereza ya karne ya 14, kifo cha ghafla kilichunguzwa na ofisa wa mfalme na kuandikwa, na hati nyingi zipo mpaka leo. Wanahistoria wakizipigia hesabu, wanakadiria waliouawa mijini walizidi 20 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Leo nchi hiyo ina kama mtu 1. Na Ulaya Magharibi karibu yote imeshuka hivyo hivyo. Wanaume walikuwa wanakwenda kunywa na visu kiunoni. Neno moja la kuvunjiana heshima, mtu kalala. Mahakama zilipoanza kuaminika, watu wakaacha kujilipizia wenyewe.

Mjomba Hamisi 19:31
Mwanangu, hayo ni ya Ulaya. Zamani watu waliishi kwa amani mpaka zilipokuja dola na bunduki.

Rehema 19:38
Shikamoo Mjomba. Kuna mahali panaitwa Nataruk, karibu na Ziwa Turkana. Tunazungumzia miaka kama 10,000 iliyopita: hakuna dola, hakuna bunduki, watu wanaishi kwa kuwinda na kuvua. Utafiti wake ulitoka 2016. Ilipatikana mifupa ya watu wasiopungua 27, na waliowafukua wanasema hawakuzikwa, waliachwa pale walipoangukia. Fuvu moja lina kipande cha jiwe jeusi kali, kimekwama kwenye mfupa. Mwanamke mmoja alikuwa na mimba kubwa, mikono yake imekaa kama ya mtu aliyefungwa kamba. Mifupa ya kichanga imo tumboni mwake.

Shangazi Mwanaidi 19:40
Mungu wangu.

Idi 19:41
Huenda walikuwa wanagombania saa ya kikao.

Neema 19:41
Idi acha basi.

Rehema 19:45
Saa bado. Nani anafungua hapana?

Salim 22:47
Nimetoka zamu sasa hivi, ndiyo nasoma. Da Rehema, hesabu yako ina tundu. Mtu wa karne ya 14 akichomwa kisu tumboni, utumbo ukitoboka, alikuwa anakufa kwa usaha baada ya siku chache. Leo tunamfungua, tunashona, tunamwongezea damu, anarudi kwake. Kisu ni kilekile na aliyekishika alikuwa na nia ileile. Ila huyu kwenye orodha yako ya waliouawa hayumo.

Rehema 22:49
Hoja nzuri Salim. Lakini tofauti ni mara 20, madaktari peke yao hawawezi kuibeba yote. Nikuandike hapana?

(Salim hakujibu.)

IJUMAA

Bakari 06:20
Hapana niandike mimi. Kuna watu wanapenda kusema maasi ya An Lushan huko China, 755 hadi 763, yaliua watu milioni 36, kwamba ukilinganisha na watu waliokuwepo duniani wakati ule yalizidi hata Vita vya Pili vya Dunia. Hiyo milioni 36 imetoka wapi? Sensa ya kabla ilikuta karibu milioni 53, ya baadaye ikakuta karibu milioni 17. Wakatoa ya pili kwenye ya kwanza. Lakini serikali ilikuwa imepoteza majimbo, makarani wametawanyika, raia wamekimbia, ingewahesabu vipi? Aliyejificha asilipe kodi amewekwa kwenye orodha ya maiti. Ukiivimbisha zamani namna hiyo, leo lazima ionekane njema.

Bakari 06:27
La pili. Tunaambiwa mataifa makubwa hayajapigana uso kwa uso kwa miongo mingi. Sawa. Ila vita haviji kwa mpangilio. Vinakuja vidogo vidogo, halafu kimoja kinavimeza vyote. Watafiti wawili wa takwimu, Cirillo na Taleb, walipitia vita vya miaka karibu 2,000, na 2016 wakaandika kwamba muda uliopita tangu 1945 haujatosha kutuambia kitu kimebadilika. Na 2022 waliouawa kwenye migogoro ya silaha duniani walikuwa wengi kuliko mwaka wowote tangu 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Nani alitabiri vita vya Tigray, kule Ethiopia?

Rehema 07:02
Bakari umeandikwa. Lakini nikujibu. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba 2017 watu kama 464,000 waliuawa kwa makusudi nje ya vita. Wa vita walikuwa 89,000. Kifo kingi hakitoki kwa majeshi, kinatoka mtaani na nyumbani. Huko ndiko ninakosema kumepoa, tena ndiko sisi watu wa kawaida tunakoweza kufanya kitu. Hili kwangu si mchezo wa hoja.

Zuhura 12:33
Nyumbani mnahesabu nini? Maiti tu. Sweden ilipiga marufuku kupiga watoto 1979, ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani, na mpaka leo nchi nyingi hazijafuata. Mtoto aliyepigwa akapona hayumo kwenye hati za mfalme wala kwenye takwimu za Umoja wa Mataifa. Mjomba Hamisi, uliposema zamani watu waliishi kwa amani, nilizima simu. Chumba cha nyuma. Mwaka wa mafuriko. Salim anajua.

Salim 12:50
Najua.

Idi 12:51
Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Mwanaidi 12:58
Zuhura mwanangu, haya si ya hapa.

Zuhura 12:59
Shangazi kwa heshima zote, ya wapi basi?

Mjomba Hamisi 13:20
Nililea watoto wasio wangu miaka yote ile. Hilo halihesabiwi?

Zuhura 13:22
Linahesabiwa Mjomba. Na lile lingine nalo lihesabiwe.

Rehema 13:40
Jamani tusiharibu Jumapili. Mjomba, Zuhura, naomba mpigiane. Waliobaki nipeni saa: 10 jioni au 2 usiku?

Neema 17:15
Babu ametuma sauti, mtandao wake unakatika. Nimeiandika kama alivyosema:
"Nimesomewa yote. Hamisi, mkono ule uliupata kwangu, nami niliupata kwa baba yangu. Siku ile nilipita mlangoni nikasikia, nikaenda zangu shambani. Msimwambie Zuhura si mahali pake. Jumapili yeye ndiye atakayeanza, kabla ya hao wa ndiyo na hapana, na asikatizwe na mtu. Nimemaliza."

Shangazi Mwanaidi 17:31
Tumesikia Baba.

Bakari 17:40
Tumesikia Babu.

Idi 18:05
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Rehema 18:30
Ahsante Babu. Basi Zuhura anaanza, kisha mimi, kisha Bakari. Zuhura, thibitisha.

Rehema 20:14
Zuhura?

Salim 22:52
Mwacheni kwanza. Nimeongea naye. Amesema atafikiria.

JUMAMOSI

Mjomba Hamisi 05:48
Jumapili nina safari.

Rehema 06:10
Mjomba, safari yako haikuwepo Alhamisi. Tunaweza kusogeza mpaka Jumapili ijayo ukitaka, ila nataka uwepo. Nimekupigia, hupokei.

Bakari 09:25
Tukisogeza mimi nina mtihani.

Binamu Jafari 11:47
Samahani, simu ilikuwa mbovu. Mada ni ipi na inaanza saa ngapi?

Rehema 11:49
Jafari soma juu. Saa tumeweka 10 jioni kwa sasa, nasubiri Mjomba na Zuhura.

Salim 11:53
10 jioni mimi nipo zamu. 2 usiku naweza.