Binti yetu ametulipia hoteli ya Gleneagles, Uskoti. Mtu wa Lubumbashi ajipange namna gani?

Fundi Umeme Lushi

Jambo yenu wote. Mimi ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini, fundi wa umeme, kazi yangu yote niliifanya chini ya lile bomba la moshi la kiwanda cha shaba mnalolijua. Binti yetu ni muuguzi Glasgow. Mwezi wa sita tunakwenda kumtembelea, mimi na mama yake, viza zimekwisha kutoka. Sasa juzi kwa simu anatuambia ametuwekea chumba kwenye hoteli ya mashambani inayoitwa Gleneagles, eti zawadi ya ndoa yetu. Nikamwambia mwanangu, sisi tutalala kwako, hata kwenye godoro chini. Akakataa. Pesa imelipwa na hairudi.

Nimeangalia picha. Nyasi zimenyolewa mpaka macho yanapoishia, na mlangoni wamesimama wanaume wenye sketi. Mimi nyumba ya wageni kubwa niliyowahi kulala ni gesti ya kampuni kule Kolwezi, na pale nilikuwa na kadi ya kazi mfukoni, hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Maswali yangu ni ya mtu mzima, msicheke. Kwenye chakula tunavaa nini? Mama anataka kwenda na vikwembe vyake vya kitenge na hataki kusikia habari ya suruali. Matabishi, yaani bakshishi, anapewa nani? Watu wa bukari, ugali wetu, watakula nini? Na la mwisho, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: tutashinda mule ndani tukifanya nini, watu wasije wakadhani tumepotea njia?

Kijana wa Katuba

Papa, bei ya usiku mmoja pale ni mamia ya pauni. Hiyo ni saruji ya kuzungushia kiwanja ukuta. Mwambie binti awabembeleze wamrudishie.

Yaya Ngoie, Stirling

Katuba, zawadi ya mtoto haigeuzwi saruji. Papa, jambo yenu na Mama.

Nimetandika vitanda kwenye hoteli ya mashambani huku Perthshire, si hiyo yenu ila ya ukoo huohuo. Nitakuambia yale ambayo kwenye picha hayaonekani.

Kufika ni rahisi. Kuna stesheni inayoitwa Gleneagles, kwenye njia ya Stirling kwenda Perth. Mnapanda treni Glasgow Queen Street, msikosee mkaenda Central, na baada ya saa moja hivi mmefika. Si kila treni inasimama pale, kwa hiyo binti aangalie ratiba, kisha aipigie hoteli simu mapema ili gari lije kuwachukua. Mlangoni hao wenye kilti watataka masanduku. Waachie. Nawajua wababa wetu, hapa ndipo utakapopata taabu kuliko pengine popote.

Matabishi hayalazimishwi. Kwenye mgahawa soma faktira, ile bili, mpaka chini, mara nyingi huduma imeshaongezwa; ukiiona, usilipe mara ya pili. Aliyebeba sanduku mpe pauni chache mkononi. Na usimsahau yule msiyemwona, anayesafisha chumba mkiwa nje. Siku ya kuondoka mwachie noti pamoja na karatasi yenye neno la asante. Karatasi ni muhimu, maana bila hiyo sisi tunaogopa kuigusa hela, tunadhani mgeni ameisahau na kesho atapiga simu. Tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi matabishi yote bila kukata kitu. Zamani kila nyumba ilikuwa na desturi yake, tuyaache.

Jioni mtu atabisha hodi aingie kufunga mapazia na kukunjua shuka. Msishtuke. Hamtaki, tundikeni kile kibao kwenye kitasa. Ila mapazia yafungeni hata kama ni kwa mikono yenu, kwa sababu mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne za usiku, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limerudi. Aliyezoea giza letu la saa kumi na mbili atakaa kitandani akingoja usiku uingie.

Nguo: zile asubuhi zenu za baridi za mwezi wa saba, ndio mchana wa huku, ongeza mvua. Mama alete vikwembe vyote, ndani avae kitu cha sufu. Super wax yake itawazidi nusu ya wageni, na nasema hivyo kwa sababu nguo za wageni nimezikunja mimi. Wewe koti, shati safi na viatu vya kufunga vinatosha.

Chakula cha asubuhi ndicho kikubwa, nacho mara nyingi kimo ndani ya bei ya chumba. Binti ahakikishe. Hagisi ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, vimesagwa na oti, vitunguu na pilipili manga. Mtu aliyezoea kula matumbo mtaani Kamalondo haogopi hiyo. Lakini kuna soseji nyeusi, hiyo ni damu. Kama kanisa lenu linakataza damu, iruke, maana kwenye sahani inaonekana nyama tu na hakuna atakayekuonya. Kuna uji wa oti, wenyeji wengine wanautia chumvi badala ya sukari. Bukari hakuna. Maji ya bomba mnakunywa bila kuchemsha.

Na kwako wewe fundi: plagi zao zina meno matatu bapa na fuse ndani ya plagi yenyewe. Bafuni usitafute soketi ya kawaida, utakuta ya mashine ya kunyolea tu.

Kuhusu kushinda: tembeeni. Kusini yake kuna vilima vya Ochil. Uskoti ina sheria ya 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita karibu ardhi yote, hata ya tajiri, mradi asiharibu. Hutaulizwa kadi. Viwanja vya gofu unakatiza tu, usisimame kwenye ile nyasi laini yenye shimo. Hapo hapo hotelini kuna shule ya ndege wawindaji, unavaa glavu na mwewe anatua mkononi. Mama akikataa, wewe jaribu.

Fundi Umeme Lushi

Ngoie mwanangu, Mungu akuzidishie. Hiyo fuse naifahamu. Waya za nyumba zao zinazunguka kwenye duara moja la ampea 32, sasa kamba nyembamba ya taa ingeungua kabla ya kikata umeme kushtuka. Ndiyo maana kila chombo kinatembea na mlinzi wake. Si wajinga.

Lakini swali langu kubwa bado. Mimi ni mtu wa kiwandani. Nitaketi vipi kwenye sebule ile?

Mwalimu Kamalondo

Papa, ninafundisha historia, niruhusu nijibu hilo.

Hoteli ile ni mtoto wa reli. Ni wazo la Donald Matheson, meneja wa Caledonian Railway, aliyetaka abiria wapate sababu ya kupanda treni yake. Vita vya 1914 vikasimamisha ujenzi, na milango ikafunguliwa Juni 1924. Vikaja vita vya pili, jumba likageuzwa hospitali, halafu likawa kituo cha kuwatibu wachimba makaa ya mawe wa Uskoti walioumia migodini. Walifanya mazoezi pale mpaka waweze kurudi shimoni. Kwa hiyo watu wa migodi wamekutangulia kulala ndani ya nyumba ile, tena wengine kwa magongo.

Wakubwa nao wamepita. Tarehe 6 hadi 8 Julai 2005 marais na mawaziri wakuu wa G8, kundi la mataifa makubwa manane, walikutana mule mule, Blair akiwa mwenyeji, Bush, Putin na Chirac wakiwamo. Hapo walikubaliana kuzifutia nchi maskini zaidi madeni ya Benki ya Dunia, FMI (Shirika la Fedha la Kimataifa) na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kongo ilingoja mpaka Julai 2010, zikafutwa dola kama bilioni 12.3, sehemu kwa mpango huo na sehemu kubwa zaidi kwa mpango uliotangulia. Waliketi wakajadili madeni ya watu kama sisi bila sisi kuwamo. Wewe ukiketi ukanywa chai, ni nani wa kushangaa?

Na mtu akikuuliza Lubumbashi ni wapi, mtajie Robert Williams, mzaliwa wa Aberdeen. Kampuni yake, Tanganyika Concessions ya 1899, ndiyo iliyotuma watu kutafuta shaba Katanga, ikawa na hisa kwenye Union Minière, kampuni iliyoitangulia Gécamines, ilipoundwa 1906. Reli ya Benguela ni yake pia. Mfalme wao alimpa cheo cha ubaroneti mwaka 1928, naye alikuwa na jumba kando ya mto Dee. Sisi tulibaki na bomba la moshi.

Kijana wa Katuba

Deni lilifutwa, tukakopa jingine. Papa nenda, ile saruji nimeiondoa.

Fundi Umeme Lushi

Mwalimu, hiyo ya wachimba makaa sikuijua. Nimemsomea Mama, naye amesema basi koti lile la ubatizo wa mjukuu litafaa, lipelekwe kwa fundi libanwe kiunoni. Amebaki na swali moja: anaweza kumchukulia binti samaki wakavu na nyama ya kukausha?

Yaya Ngoie, Stirling

Samaki ruhusa, hadi kilo 20, wawe wametolewa matumbo. Nyama na maziwa hapana, watavitupa uwanja wa ndege mbele ya macho yenu. Lakini Papa, nakuomba, samaki wabaki kwa binti Glasgow kabla hamjapanda treni. Harufu ile ikiingia kwenye zulia la sufu, wenzangu wa usafi hawana sabuni ya kuitoa, na mimi watanipigia simu.