Viza ya masomo inaisha Januari, nami niko Tanga kwenye msiba wa baba. Nifanyeje?

Binti_Chumbageni
Assalaam alaykum, wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa nyumbani, wageni wa jioni wameshaondoka na mama kapitiwa na usingizi. Baba alifariki tarehe 5 Desemba.

Mwezi Septemba nilimaliza shahada ya uzamili ya uhandisi wa mazingira Uingereza, kozi ya mwaka mmoja. Baba ndiye aliyenisomesha, aliuza shamba lake la machungwa Muheza. Alipozidiwa mwishoni mwa Novemba nilipanda ndege bila kuwaza jingine. Majibu yamenikuta huku: nimefaulu.

Viza yangu ya uanafunzi inaisha tarehe 27 Januari. Nilikusudia kuomba ile ya wahitimu, nibaki kufanya kazi. Arobaini ni tarehe 13, tiketi yangu ya kurudi ni ya tarehe 22. Ndugu wa baba wanataka nikae hadi mama atoke eda, maana mimi ndiye binti pekee. Rafiki yangu ananiambia fomu yenyewe ni ya mtandaoni, niijaze hapa hapa Tanga yaishe. Nishaurini, hasa mliopita njia hii.

Kijana_wa_Duga
Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Pole sana dada, Mungu amrehemu mzee.

Kwa nini usibaki moja kwa moja? Bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani. Mhandisi wa mazingira anahitajika kwao.

Mwana_Muheza
Pole mdogo wangu. Nimeomba viza hiyo mwenyewe, kwa hiyo nisikilize kwa makini.

Usijaze fomu ukiwa Tanga. Siku unayoomba lazima uwe ndani ya Uingereza, na viza yako ya uanafunzi iwe bado hai. Ukisema uko kule kumbe uko Chumbageni, huo ni udanganyifu, na udanganyifu kwenye maombi ya viza unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10. Huyo rafiki yako anakutakia mema lakini hajui anachosema.

La pili, kufaulu peke yake hakutoshi. Chuo lazima kiwe kimeijulisha idara ya uhamiaji kwamba umemaliza. Waandikie kesho asubuhi uwaulize: mmesharipoti? Wengine wamesubiri wiki kadhaa kwa jambo hilo tu. Ndiyo maana tarehe 22 inanitia hofu. Utakuwa na siku tano, ndani yake kuna wikiendi. Simu ikikataa kusoma pasipoti yako, au chuo kikawa bado, utafanya nini?

Gharama: ada kwa mwaka huu wa 2025 ni pauni 880, na malipo ya huduma ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka. Kwa miaka 2 jumla ni pauni 2,950, karibu milioni 10 za kwetu, na zote hulipwa siku ya kuomba. Ila hawadai taarifa ya benki wala barua ya mwajiri. Wanaoomba kuanzia 1 Januari 2027 watapewa miezi 18 tu, wewe bado umo kwenye miaka 2.

Mama_Ngamiani
Mwanangu, pole. Mimi nimekaa eda, najua uzito wake. Eda ni ya mama yako, miezi minne na siku kumi, wewe haikufungi. Anachohitaji ni mtu wa kulala naye nyumba moja na wa kumtumikia. Hana mdogo wake wa kike? Hana mke wa kaka yako? Hilo lizungumzeni ndani, kabla wakubwa wa upande wa baba hawajakaa kikao kingine.

Na hiyo arobaini, khitma husomwa hata siku ya ishirini. Mnaweza kuitanguliza, ukaondoka umeshamwombea baba yako pamoja na watu wake.

Mwana_Muheza
Bi Mkubwa kanifungulia njia. Binti, tazama kalenda. Ukirudi tarehe 8 hivi na kuomba wiki hiyo hiyo, majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 8. Hapo ni Machi. Muda wote huo usitoke nje ya Uingereza, ukitoka ombi huhesabiwa kuwa umelifuta. Lakini viza ikishatoka una ruhusa ya kusafiri. Mama anamaliza eda katikati ya Aprili, si ndiyo? Unaweza kuwepo siku hiyo.

Kabla ya safari hakikisha viza yako ya kidijitali imeunganishwa na pasipoti unayosafiria, na beba barua ya chuo. Ukiulizwa mpakani, eleza ukweli: ulikuja kuzika, unarudi kuomba viza ya wahitimu.

Viza hii hairefushwi. Tangu siku ya kwanza tafuta mwajiri mwenye kibali cha kudhamini wageni. Kiwango cha jumla cha mshahara kwa viza ya kazi ni pauni 41,700 kwa mwaka, ila mhitimu mpya anaweza kukubaliwa kwa pauni 33,400, ikiwa asilimia 70 ya mshahara wa kawaida wa kazi yenyewe haizidi hapo.

Kijana_wa_Duga
Nimesoma na ninarudisha kauli yangu. Chongoleani haihami dada, nenda kwanza.

Binti_Chumbageni
Allah awalipe. Nimekiandikia chuo, wamejibu kwamba wanaripoti wiki hii. Fedha ninayo sehemu, kaka anamalizia. Mama nilimsomea maneno ya Mama Ngamiani asubuhi, akaniuliza jambo moja tu: "Aprili utakuja kweli?" Nikamwambia nitakuja. Mama mdogo anahamia kwetu tarehe 2 kutoka Pangani, khitma tumeiweka tarehe 4, na tiketi nimeibadilisha iwe ya tarehe 7.